UZI: Fanksheni inasema hivi inafanya vile. Mashine ya risiti Deep Sea ilivyonichezea miezi mitatu

#1 Kibua_Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nipo hapa Chumbageni na kahawa yangu na kashata, nimeona bora niimwage hii kitu leo kabla sijaanza kuisimulia kwa kujipendelea.

Mie ni fundi programu wa kujitegemea, si mkubwa kihivyo, natengeneza vimfumo vya maduka, maghala, vitu hivyo. Kuna dalali mmoja wa samaki pale Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, akanipa kazi: mvuvi kaleta tenga ngapi, samaki gani, kilo ngapi, kanunua nani, ushuru kiasi gani, halafu karisiti katoke kwenye kile kiprinta cha kushika mkononi. Nikaandika kwa lugha ya PHP maana seva ya bei rahisi niliyopata ndo inachokubali.

Sasa seva yenyewe ipo Ulaya, saa zake si zetu. Nikafungua orodha ya timezoni (majina ya kanda za saa) nikashuka nayo mpaka nikakutana na Etc/GMT+3. Nikasema si ndo sie hawa? Tanzania tuko GMT+3, toka shule tunachorewa longitudo 45 mashariki, kuna la kujadili hapo? Nikabandika, nikafunga ukurasa, nikaenda kula.

Siku ya kwanza kazini, saa mbili na robo asubuhi, risiti inatoka imeandikwa 02:15. Karani, binti mmoja mchapakazi kweli, akafurahi hadi akaniita. "Fundi ahsante, umetuwekea saa ya Kiswahili kabisa, ile mashine ya zamani ilikuwa inaandika 8 hawa wachuuzi wanaanza kubisha." Mie moyoni nikashtuka kidogo maana sikuweka saa ya Kiswahili popote. Lakini sifa ni sifa wakuu. Nikatabasamu nikasema ndio, tumezingatia mazingira. Nikajiambia nitaangalia kesho, na nyie mnaijua kesho ya fundi.

Miezi mitatu ikapita. Dalali akaanza kupiga simu, daftari na mashine havikubaliani. Jumla ya siku ikija pungufu leo, ya jana inazidi, ukijumlisha mwezi mzima inakaribiana lakini haikai sawa. Na mnajua pesa isipokaa sawa anatazamwa nani. Yule binti akaanza kutazamwa kwa jicho baya, akawa anahesabiwa droo mara mbili kwa siku, nikasikia ameshatafutiwa mtu wa kumrithi.

Nikaamka saa tisa usiku nikachukua bodaboda mpaka Deep Sea nikakae mwenyewe. Mashua zinaingia, baridi ya bahari, watu wanapiga kelele za bei. Mnada wa kwanza saa kumi na moja kasoro dakika kumi, tenga nne za vibua. Risiti ikatoka: 10:50. Safi, saa kumi na dakika hamsini, kila mtu anatikisa kichwa. Halafu nikatupa jicho kwenye tarehe. Tarehe ya JANA.

Pale ndo nikakaa chini kwenye ndoo ya mtu.

Ni hivi. Etc/GMT+3 haimaanishi mbele masaa matatu, inamaanisha NYUMA masaa matatu. Alama imegeuzwa. Inatokana na kawaida ya zamani ya POSIX (kanuni za mifumo ya Unix) ambapo jumlisha ni magharibi ya Greenwich, kwa hiyo sie tuliotakiwa kuwa UTC+3 (UTC ndo saa ya dunia ya kuhesabia, kama GMT) nikatupeleka UTC-3, katikati ya Atlantiki huko. Tofauti masaa sita. Na masaa sita ndo hiyohiyo tofauti ya saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu! Niliweka muundo wa masaa 12 bila AM wala PM, kwa hiyo saa mbili asubuhi inaandika 02, saa nane mchana inaandika 08, saa mbili usiku inaandika 02. Kosa likakaa sawasawa na mdomo wa watu. Kilichoharibika ni siku tu, kwa mfumo siku mpya ilikuwa inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na samaki wote walionadiwa kabla ya hapo wanaandikwa jana. Mnada wa alfajiri ndo mnada wenyewe jamani.

Ningekuwa mji ambao watu wanasoma saa ya Kizungu ningelijua siku ya kwanza.

Swali langu: hapa mkosaji nani? Mie, jina la timezoni, au dokumentesheni (maandishi ya maelekezo)? Na nyie mmekutana na fanksheni (kipande cha programu unachokiita kikufanyie kazi) gani inayosema hivi inafanya vile? Mwageni.

#2 Binti_Raskazone

Nimeweka mkeka hapa. Ila kwanza tuambie yule dada karani alirudishiwa heshima yake au?

#3 Kibua_Mkavu

@Binti_Raskazone nilienda mwenyewe kwa dalali nikakiri. Yupo kazini. Dalali kanikata kwenye malipo ya mwisho na sikubisha.

#4 mkonge_64

Pole mkuu ila nikwambie ukweli usiniwekee kinyongo, hiyo si laibrari (programu iliyoandikwa tayari unayoiazima) kudanganya ni wewe kutosoma. Mwongozo wa PHP ule ukurasa wa timezoni za "Others" juu kabisa wameandika msitumie hizi isipokuwa UTC, zipo kwa ajili ya mambo ya zamani tu na zinaweza kuleta tabia zisizo sahihi. Yetu sisi ni Africa/Dar_es_Salaam, basi. Mtu kawekewa bango "mbwa mkali" kaingia kang'atwa halafu anafungua uzi kuuliza mbwa ana tatizo gani.

#5 Kibua_Mkavu

Hahaha haya nimeng'atwa. Lakini mkonge na wewe nambie kweli, bango lenyewe limekaa ukurasa mwingine, mie nilinakili jina kutoka kwenye kisanduku cha kuchagua cha paneli ya seva, pale pana jina tu. Na jina nalo ni dokumentesheni, tena ndo ya kwanza mtu kuisoma. Ukiandika sukari kwenye kopo la chumvi halafu chini ya kopo ukaandika kwa kalamu ndogo "humu mna chumvi", chai ya mgeni ikiharibika utasema mgeni hajui kusoma?

#6 Fundi_Makorora

Hapo Kibua umesema. Mie nina ya lugha ya Python iliyonila nyama kabisa. Kuna fanksheni za rstrip na lstrip, za kukata mwisho na mwanzo. Nilikuwa na namba za wateja zinaanza na TGA- nikataka kukata huo mwanzo tu, nikaandika lstrip('TGA-'), nikajaribu na TGA-MWANAIDI ikatoka MWANAIDI, safi, nikapeleka kazini. Akaja mteja Agatha. 'TGA-AGATHA' ikatoka 'HA'.

HA wakuu. Barua imekwenda kwa mteja "Ndugu HA".

Kumbe ile fanksheni haikati neno, inakata herufi yoyote iliyomo kwenye kile kifurushi, T au G au A au kistari, inakula tu kuanzia mwanzo mpaka ikutane na herufi isiyomo. Na kweli dokumentesheni imeandika kuwa si kiambishi. Lakini watu wameangukia humo miaka na miaka mpaka Python 3.9 mwaka 2020 wakaongeza removeprefix na removesuffix, zinazokata neno zima. Sasa nauliza, kama kosa lilikuwa la wasomaji tu mbona wenye lugha waliamua kutengeneza mpya?

#7 mkonge_64

@Fundi_Makorora "Ndugu HA" imenimaliza. Hiyo nakupa.

#8 Bi_Mkubwa_SQL

Wanangu mie nimeanza kazi hizi nyie wengine mko na sare za shule. Mnazungumza majina, ngojeni niwape ya dokumentesheni kuwa sahihi, nawe kuisoma umeisoma, na bado ukaumia.

Tulikuwa na databesi ya ghala. Nikaweka sharti CHECK (kilo > 0) ili mtu asiingize kilo za hasi. Nikatunga jedwali, MySQL (programu ya databesi) ikasema sawa, hakuna kelele, hakuna onyo. Wiki mbili baadae naona mzigo wa machungwa kilo hasi 12. Nikafungua mwongozo, umeandikwa wazi CHECK inafanya kazi. Nikasoma tena. Nikadhani nimezeeka.

Nilikuwa nasoma mwongozo wa toleo la 8.0 na seva ilikuwa 5.7. Kabla ya 8.0.16 ya mwaka 2019 MySQL ilikuwa inaisoma hiyo CHECK, inaielewa, halafu inaitupa. Ilikuwa imeandikwa hivyo kabisa kwenye mwongozo wa zamani, kwamba inapokelewa na kupuuzwa. Sasa mashine inayokwambia "ndio mama" halafu haifanyi, hiyo mie naiweka kundi moja na watoto wangu.

Kwa hiyo kabla hujasema dokumentesheni inadanganya, andika kwanza SELECT VERSION() ikutajie toleo, uone unaongea na nani.

#9 Kijana_wa_Pongwe

Shikamoo Bi Mkubwa. Kwenye MySQL hiyohiyo nyie mnaijua ile utf8 yake? Mie nilidhani utf8 ni UTF-8, ule mfumo wa kuhifadhi herufi zote za dunia. Mteja akaandika oda akaweka emoji ya samaki, ikagoma. Kumbe utf8 ya MySQL ilikuwa inashika baiti tatu tu kwa herufi na emoji inataka nne, ile kamili inaitwa utf8mb4, imekuja na 5.5.3. Yaani kitu kinaitwa jina la kitu ambacho sicho.

#10 Bi_Mkubwa_SQL

Marahaba mwanangu. Naijua sana, imenitoa machozi.

#11 mkonge_64

Haya mie nishatupiwa mawe ya kutosha, nigeuze upande. Nyie mnaongelea dokumentesheni inayosema kweli na watu hawasomi. Kuna siku dokumentesheni ilisema kweli miaka yote, watu wakaamini TABIA badala ya maandishi, na maandishi yakalipa kisasi.

memcpy, fanksheni ya lugha ya C. Imeandikwa toka enzi: usinakili kumbukumbu kwa memcpy kama chanzo na unakopeleka vinapandana, tumia memmove. Lakini kwa vile ilikuwa inanakili toka mbele kwenda nyuma, ukikosea kidogo mara nyingi ilikuwa inakubali tu. Mwaka 2010 wenye glibc (laibrari ya C ya Linux) wakaiboresha iende kasi, kwenye baadhi ya prosesa ikawa inaanzia nyuma. Watu wa Fedora 14 (aina ya Linux) wakashangaa sauti kwenye Flash (programu ya kuchezea video kwenye brauza) inakwaruza kama redio mbovu. Kumbe Flash ilikuwa inaitumia memcpy visivyo. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, akaingia kwenye ule mjadala akawa upande wa watumiaji, hoja yake mtu anayesikiliza muziki hajali kanuni imeandikwa nini, jana ilikuwa inaimba leo haiimbi. Mwisho glibc 2.14 wakafanya ujanja, programu za zamani zinapewa tabia ya memmove kimyakimya, mpya ndo zinapata memcpy kali.

Sasa hapo maandishi yalikuwa sahihi herufi kwa herufi. Na bado wakarudi nyuma.

#12 Fundi_Makorora

Ndo ile inayoitwa sheria ya Hyrum, ya jamaa Hyrum Wright aliyekuwa Google. Ukishakuwa na watumiaji wengi haijalishi umeahidi nini, kila kinachoonekana kitu chako kinafanya kuna mtu ameshakiegemea. Na ndo maana wenye lugha ya Go walifanya ukatili mzuri sana: map yao (orodha ya majina na thamani zake) haina mpangilio maalum, wakajua watu watauegemea tu mpangilio watakaouona, basi wakaifanya kila ukiizungukia inaanzia sehemu ya kubahatisha, makusudi. Huwezi kuegemea ukuta unaohama. Python walikwenda njia nyingine, dict (map yao) kwenye 3.6 ilitokea tu kutunza mpangilio, wakasema msiuegemee, 3.7 wakaona yaishe wakaandika rasmi kuwa ni ahadi.

#13 Binti_Raskazone

Sasa nyie wote hapo mnazungumzia maandishi kuwa sahihi na binadamu mkosaji. Hakuna hata moja ambayo laibrari yenyewe ilikosea kweli? Mbona mnawatetea sana wazungu wenu 😂

#14 Bi_Mkubwa_SQL

Zipo mwanangu. binarySearch ya lugha ya Java. Kazi yake imeandikwa mstari mmoja: nipe safu iliyopangwa nitakutafutia. Ndani yake wanatafuta katikati kwa (chini + juu) / 2. Hesabu ya darasa la nne hiyo. Lakini safu ikiwa kubwa kweli, kuanzia vipande bilioni moja na kidogo, ile jumla inavuka 2,147,483,647, kikomo cha namba zake, inageuka hasi, na programu inaanguka. Joshua Bloch aliyeiandika ndiye mwenyewe aliyetangaza mwaka 2006, na kosa lilikuwa limelala mle kama miaka tisa. Namheshimu kwa hilo. Wangapi hapa wangetangaza?

(Kibua ametangaza, nampa maua yake.)

Na iliyonikosesha usingizi ni fsync. Hii ndo unaiambia Linux "hakikisha imeshuka kwenye diski, usinijibu mpaka imeshuka". Databesi zote zimelala kifuani kwake. Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL (databesi nyingine) wakagundua kwamba diski ikikataa, fsync inakwambia kosa mara moja, halafu zile kurasa za kumbukumbu zinahesabiwa safi kana kwamba zimeandikwa. Ukiita mara ya pili inakwambia poa, imefanikiwa. Data haipo. Na PostgreSQL ilikuwa ndo tabia yake, ikishindwa inajaribu tena. Mwongozo haukukwambia wazi kuwa kujaribu tena hakuna maana. Mwaka 2019 wakabadilisha, fsync ikishindwa databesi inajiangusha makusudi halafu inajijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za miamala.

Hapo hata ungesoma usiku kucha usingepona.

#15 mkonge_64

Hiyo ya fsync sina la kusema. Nakaa.

#16 Kijana_wa_Pongwe

Sasa mie ninayeanza nifanyeje, maana naona mnanitisha. Kila fanksheni niifanyie uchunguzi wa polisi?

#17 Fundi_Makorora

Hapana dogo utazeeka hujamaliza fomu ya kuingia. Ila vitu vinavyogusa pesa, tarehe na majina ya watu, andika kajaribio kadogo ka mistari mitano na mpe kitu cha pembeni, usimpe cha katikati. Mie nilijaribu na MWANAIDI, ningejaribu na AGATHA ningepona. Kibua alijaribu saa mbili asubuhi, angejaribu saa kumi usiku angeona.

Mfano pesa. VAT asilimia 18 ya 1,225 ni 220.5. PHP ukiiambia round inakupa 221. Python 3 ukiiambia round inakupa 220, kwa sababu nusu inaipeleka kwenye namba shufwa, na imeandikwa. Zote mbili zinaitwa round. Tulikuwa na mauzo kwa PHP na ripoti kwa Python, mhasibu akawa ananirudishia makaratasi kwa ajili ya shilingi moja moja. Shilingi moja! Huwezi hata kununulia pipi. Lakini mhasibu mwenye haki ni yeye.

#18 Binti_Raskazone

Na JavaScript msiisahau kwenye alama kugeuzwa, getTimezoneOffset (tofauti ya saa kwa dakika) kwa sie inarudisha -180. Hasi! Maana inahesabu UTC kutoa saa yako. Kibua ungekuja huku ungezama tena kisima kilekile.

#19 Kibua_Mkavu

@Binti_Raskazone usinitishe nimeshazama 😅

Ngojeni niwamalizie maana kuna sehemu sijasema. Nilirekebisha, nikaweka Africa/Dar_es_Salaam, nikarudisha data ya miezi mitatu masaa sita mbele, hesabu zikakaa sawa na daftari mpaka senti. Nikalala usingizi.

Kesho yake asubuhi simu. Dalali. "Fundi, mashine imeharibika, inaandika saa 8 na sasa hivi ni saa 2." Nikamwelewesha. Akasikiliza kwa adabu. Akasema, "Sawa nimekuelewa, lakini hawa wachuuzi wanasema risiti ni ya mchana na samaki ni wa mchana, wanataka kupunguziwa." Yakhe, mtu wa Deep Sea hakosi pa kushushia bei.

Basi sasa tarehe naihifadhi kwa saa halali, ila kwenye karatasi naandika saa ya Kiswahili kwa makusudi. Kafanksheni kenyewe haka:

// inarudisha saa ya Afrika Mashariki, masaa 24
function saaYaRisiti($t) {
    return date('h:i', $t - 6 * 3600);
}

Wote wamefurahi, karani ananiambia "si ndo ilivyokuwa mwanzo?"

#20 Kijana_wa_Pongwe

Mkuu samahani mie mwanafunzi tu. Huo mstari wa juu umeandika masaa 24, na umeandika saa ya Afrika Mashariki. Chini hapo 'h' si ni masaa 12? Na umetoa sita?

#21 mkonge_64

😂😂😂😂

#22 Bi_Mkubwa_SQL

Mwacheni jamani.

#23 Kibua_Mkavu

Huo mstari niliuandika kabla ile simu haijaja... Naenda kuubadilisha sasa hivi, msiondoke.